Ramani yangu iliyopanda mahindi mtoni

Kazi yangu ya kwanza ya kuchambua ardhi niliifanya katika kijiji kimoja cha Muheza, jirani na Mto Zigi, na niliivuruga. Nilipotandaza ramani mbele ya wazee, mmoja akaiinamia, akagusa palipoandikwa "panafaa mahindi", akanitazama. "Mwanangu, hapa ni mtoni. Kwenu mahindi yanaogelea?" Watu walicheka mpaka mwenyekiti akaomba utulivu.

Kosa lenyewe la kijinga. Ramani ya zamani niliyoinakili ilichorwa kwa mfumo wa vipimo vya mahali uitwao Arc 1960, GPS yangu ikisoma mfumo mwingine, WGS 84. Ukivichanganya bila kubadili, mashamba yanahama kama mita 300. Na swali hilo chuoni nililipata!

Vijana wa hapa Tanga huniuliza wasomee nini ili waingie kazi hii. Upande wa vyuo hauna maneno mengi. Anayependa udongo achukue CBG (kemia, biolojia na jiografia), kisha aende Chuo Kikuu cha Kilimo Sokoine, Morogoro. Wa upimaji na mipango miji wanaelekea Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, na huko hesabu hazikwepeki. Kwa stashahada kuna vyuo vya ardhi vya Morogoro na Tabora.

Yanayobaki hufundishwa na shimo. Nasema shimo kweli: unachimba hadi mita moja na nusu au mbili, unaingia, unasoma matabaka ukutani kwa rangi, mizizi ilipoishia, maji yalipotuama. Sisi wa Tanga tuna bahati, kituo cha utafiti wa udongo na mkonge kiko Mlingano, hapo hapo Muheza. Kaombe kujitolea hata kubeba sampuli. Mkonge umelimwa mkoani kwetu tangu miaka ya 1890, na ni mmea unaofyonza sana chokaa ya ardhini; shamba lililovunwa miaka mingi bila kurudishiwa kitu huchachuka, yaani udongo wake huzidi tindikali. Ukilielewa hilo kwa mikono yako, namba za maabara zitaanza kukusemesha.

Kompyuta nayo ujifunze, ila isikutishe. QGIS, programu ya kuchora ramani, ni ya bure. Picha za setilaiti za Sentinel-2 ni za bure pia, na kila nukta yake ni mita 10 kwa 10, zinatosha kutofautisha shamba na kichaka. Zitafute za kiangazi. Za masika huku kwetu mara nyingi ni mawingu matupu.

Halafu kuna kuongea, ambako wengi wetu tumefeli. Kisheria, mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji hauna nguvu mpaka mkutano mkuu wa kijiji uupitishe. Wanaopitisha ni wale wale waliokucheka. Kwa hiyo siku hizi, kabla sijawasha GPS, natembea shambani na mzee mmoja na mama mmoja. Wawili hao huwa hawanionyeshi vitu vilevile: mzee mipaka, mama mahali kisima kinapokauka.

Kama bado uko nyumbani unasubiri matokeo, anza leo uani. Chukua udongo kiganjani, ulowanishe, uufinye kati ya kidole gumba na cha shahada utoke kama utepe. Ukikatika mara moja, mchanga umezidi. Ukivuka sentimita 5 bila kukatika, hapo una mfinyanzi, na mama hatashangaa, kwa sababu viatu vyako vya mvua vilishamwambia.