Re: City au Speed Champions kwa mpwa wangu?

Habari dada. Kama nimekuelewa, kijana anatimiza miaka 6, tayari ana barabara na polisi wa LEGO City, zile tofali za kuchezea za kujenga mji, sasa anaota Ferrari ya Speed Champions, zile LEGO za mifano ya magari halisi.

Anza na upana. Speed Champions zilipotoka 2015 zilikuwa na upana wa vinundu 6 (vile vidude vya duara juu ya tofali), na ziliingiana vizuri tu na magari ya City. Tangu 2020 ni vinundu 8, yaani milimita 64. Umbo limekuwa la gari halisi, lakini ukiiweka kwenye barabara yake inajaza njia kama basi la Rongai.

Halafu stika. Zangu za kwanza niliwaachia watoto, taa zikakaa makengeza mpaka leo. Milango haifunguki, dereva unamwingiza kwa kubandua kioo cha mbele au paa. Mtoto anayetaka kuchezesha atachoka upesi. Za City ni kama katuni, sawa, ila zikianguka unazirudisha kwa dakika mbili. Kwa umri huo ningechukua City, ile Ferrari mngoje kidogo. Au inunue ukae naye mezani, stika ubandike wewe.

Ukinunua mitaa ya katikati ya jiji, angalia juu ya kinundu usije ukauziwa feki: neno LEGO huwa limechorwa kwenye kila kimoja. Mimi niliwahi kubeba boksi la bei ya chee, magurudumu yakawa yanachomoka kila yakizunguka.

Za Technic, zile LEGO za gia na mitambo, sijawahi kujenga, hapo wengine wakusaidie.