Ngozi Hailazwi Chini

"Kaka, ngozi zangu zimekakamaa kama bati, mnunuzi kazikataa zote. Nifanyeje?"

Ujumbe huo niliupata Jumapili kutoka kwa dada mmoja wa Nzega. Nilikaa nao mpaka usiku bila kujibu, maana uliniuma. Ngozi zake ndizo ngozi zangu za mwaka wa kwanza.

Nilianza kwa kununua ngozi za mbuzi kwa wachinjaji wa hapa Tabora mjini, kwa fedha niliyopata kwenye mahindi. Nilizitandaza uani, juu ya mchanga, mwezi wa tisa, na jua letu la mwezi wa tisa mnalijua. Jioni zilikuwa kavu kau! Nikajiona tajiri. Mnunuzi alipokuja aliokota moja, akaikunja, ikapasuka. Akasema mbele ya vijana wangu, "Hizi hujazikausha, umezipika." Ngozi 42 zikabaki mikononi mwangu.

Sijayasahau maneno yale, ingawa alisema kweli. Ngozi mbichi ikichomwa na jua kali huiva, hugeuka kama gundi, na kiwandani hailainiki tena. Ikilala chini, upande uliogusa ardhi hukosa hewa na kuoza, ukishika manyoya yanabaki mkononi.

Aliyenifumbua macho ni marehemu baba, mkulima wa tumbaku ambaye hakuwahi kufanya biashara ya ngozi hata siku moja. Aliniuliza tu, "Mwanangu, umeona wapi jani la tumbaku linakaushwa limelala chini?" Nikaingia kwenye bani lake, yaani banda la kukaushia tumbaku, nikatazama juu. Majani yananing'inia, hewa inapita kila upande. Nikatoka mle na wazo la kichanja changu kichwani.

Nilichimbia nguzo za mkaratusi, nikaezeka nyasi juu, kuta sikuweka. Chini ya paa hilo nikasimamisha fremu za fito, kila moja ya mraba, mita moja na robo kila upande, kubwa kuliko ngozi ili pabaki nafasi ya kamba. Ngozi naikwangua kwanza nyama na mafuta yote, naiosha, naichuruzisha maji. Kisha natoboa matundu madogo ukingoni kabisa na kuiwamba kwa kamba ya katani, nikianza shingoni na mkiani, halafu miguu. Waya usitumie, kutu yake huacha madoa. Na usiivute kama unawamba ngoma! Ngozi hunywea ikikauka, ukiikaza mno itakuwa nyembamba au ichanike. Kiangazi, zangu hukaa humo siku tatu au nne, kivulini.

Kivulini, narudia. Vijana wenzangu, tunapenda fedha ya jioni ile ile. Mchinjaji anachuna haraka na kuacha mikato ya kisu, sisi tunaanika haraka, halafu tunamlaumu mnunuzi. Mbuzi yule alilishwa na mtu miezi mingi. Kumharibia ngozi kwa siku moja ni kumdharau aliyemfuga. Mheshimu mchinjaji wako pia, muongezee chochote anayechuna vizuri. Na ngozi iwe kivulini.

Dada yangu wa Nzega, hizo zilizokataliwa usiziloweke ukidhani zitarudi. Tengeneza fremu moja tu kwanza, ukawambe ngozi moja, unitumie picha. Lakini paa liezekwe kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja.