Balbu za LED na rangi zilizopooza

SWALI: Ndugu Mhariri, niliondoa balbu zote za zamani za waya nyumbani kwangu na kuweka za LED, na kweli bili ya umeme imeshuka. Hata hivyo, sebuleni rangi zimepooza: kitambaa chekundu cha kochi kinaonekana cha hudhurungi, na nyuso za watu zinakuwa kama za wagonjwa. Je, nirudie balbu za zamani?

JIBU: Usizirudie, kwa kuwa kasoro haimo katika LED zote, bali katika aina uliyoichagua. Balbu nyeupe ya LED kwa kawaida ina kijipande kinachotoa mwanga wa buluu, ambacho hufunikwa kwa fosfori inayogeuza sehemu ya mwanga huo kuwa wa njano. Jicho la binadamu, mchana, huhisi zaidi mwanga wa kijani unaoelekea njano, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 555 hivi, na lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, hupimwa kwa kufuata uwezo huo wa jicho. Kwa hiyo mtengenezaji anayewania lumeni nyingi kwa kila wati hana haja ya kuongeza mwanga mwekundu uliokolea, kwa sababu unatumia umeme na kuongeza lumeni chache tu. Wekundu wa kochi lako umetolewa kafara hapo.

Tazama kwenye boksi alama ya Ra au CRI, yaani kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi za vitu kwa usahihi, ambayo kilele chake ni 100. Balbu ya waya hukaribia 100, ilhali LED nyingi za kawaida huwa karibu na 80. Sebuleni, jikoni na penye kioo nunua ya 90 au zaidi. Stoo na ukumbini 80 inatosha kabisa. Ikiwa boksi limetaja R9, yaani alama ya wekundu uliokolea, isome pia, kwani Ra ni wastani wa rangi 8 zisizokolea, na wekundu uliokolea haumo.

Je, utapoteza umeme? Tuseme balbu ya Ra 90 inahitaji wati 10 kutoa mwanga ambao ile ya 80 huutoa kwa wati 9. Ukiiwasha saa 5 kila siku, kwa mwaka mzima tofauti haifiki uniti 2, wakati balbu ya zamani ya wati 60 ingekula uniti 109 na ushei. Kwa maoni yangu, kubania kiasi hicho kidogo sebuleni ni ubahili usio na faida.

Kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga wenyewe, ni jambo jingine: 2700 ni mwanga wa kimanjano, 6500 ni mweupe wa kibuluu, na zote mbili zaweza kuwa na Ra mbaya. Mwisho, kama swichi yako ni ya kupunguzia mwanga, hakikisha boksi linasema balbu inaikubali, la sivyo inaweza kupepesa hata ikiwa na Ra 95.