Ndege ya maboya: ushauri kwa wanaoanza Unguja na Pemba

Ukitaka kurusha ndege ya rimoti hapa visiwani, bahari ndiyo uwanja wako. Viwanja vya wazi ni haba, vilivyopo vina watoto wanaocheza mpira, na pembezoni mna minazi na waya za umeme. Pwani tunazo kila upande. Ndege ukiivua magurudumu ukaifunga maboya mawili, unapata njia ya kurukia pana kuliko ya uwanja wowote.

Lakini jua tangu mwanzo kwamba ndege ya maboya haiharibikiwi hewani. Ikishanyanyuka huruka karibu sawa na ndege nyingine ya ukubwa wake, ila nzito kidogo. Matatizo yake yako juu ya maji: inakataa kugeuka, inadunda, inazamisha pua, inabinuka kwa upepo wa ubavuni. Kwa hiyo maneno yangu mengi yatakuwa ya maji na upepo. Kuruka na kutua kwa magurudumu nitachukulia umeshajifunza. Kama bado, jifunze kwanza hilo, kisha urudi hapa.

Anza na ndege ya foamu yenye bawa la juu, urefu wa mbawa kati ya mita 1.2 na 1.5. Bawa la juu linakaa mbali na maji, na ndege ikiinama upande mmoja ncha ya bawa haigusi bahari upesi. Mota iwe na nguvu kuliko ile inayotosha kwa magurudumu. Kwa ndege ya magurudumu watu huhesabu kama wati 200 kwa kila kilo, lakini kwa maboya mimi sitaki chini ya 250, na 300 ni bora. Maji yanashika, na kuna pahala pamoja kabla ya kunyanyuka ambapo ndege inadai nguvu yote uliyonayo.

Maboya yenyewe ndiyo kazi. Unaweza kununua yaliyo tayari, au ukayachonga kwa foamu ngumu, ukayapaka gundi ya epoksi na kuyafunika kwa kitambaa chepesi. Vyovyote vile, vipimo havibadiliki. Urefu wa boya uwe asilimia 75 hadi 80 ya urefu wa ndege, yaani ndege ya sentimita 100 ipate maboya ya 75 hadi 80. Omo za maboya, yaani ncha zake za mbele, zitangulie mbele ya pangaboi, kwa sababu mbili: maji yanayorushwa yasilipige pangaboi, na ndege ikiinama mbele iwe na kitu cha kuisimamisha. Nafasi baina ya boya na boya iwe kama robo ya urefu wa mbawa au pungufu kidogo. Ukiyaweka karibu mno, upepo wa ubavuni utaibinua. Ujazo wake kwa jumla ubebe karibu mara mbili ya uzito wa ndege. Ndege ya kilo 1.5 inahitaji maboya yenye jumla ya lita 3 hivi. Maji ya chumvi yanabeba zaidi kidogo kuliko ya mvua, lakini tofauti hiyo ni ndogo, usiitegemee.

Sasa tazama chini ya boya. Utaona kidato, pale tumbo la boya linapokatika ghafla na kupanda juu kuelekea tezi, yaani nyuma. Hicho ndicho kinachoiachanisha ndege na maji. Bila kidato maji yangeng'ang'ania tumbo zima mpaka nyuma, na ndege ingekwenda mbio bila kunyanyuka. Kidato kikae nyuma kidogo ya nukta ya mizani ya ndege (pale ukiinyanyua kwa vidole inakaa sawa, haiinami mbele wala nyuma), sentimita 1 hadi 1.5 kwa ukubwa huu. Kikienda nyuma sana, ndege inakuwa kama dau lililopakiwa omo: inachimba maji na hairuhusu pua kuinuka. Kikiwa mbele ya mizani, ndege inakaa mkia chini na kuanza kudunda. Nukta ya mizani itafute maboya yakiwa yameshafungwa, betri ikiwa ndani. Wengi huipima kabla, halafu wanashangaa ndege imebadilika tabia.

Jambo la pili linalosahauliwa ni pembe. Sehemu ya juu ya boya ukiifanya ndiyo usawa, bawa liwe limeinua uso wake nyuzi 2 hadi 3. Hapo ndege ikienda juu ya kidato, bawa tayari linabeba, nawe huna haja ya kuivuta kwa nguvu. Na kwa kuwa maboya yana ubavu mkubwa mbele ya mizani, mkia unapoteza nguvu ya kunyoosha ndege. Ongeza pezi dogo chini ya mkia. Kipande cha plastiki ngumu kinatosha, na utaona tofauti kwenye kona ya kwanza.

Funga pia usukani wa maji nyuma ya boya moja, uvutwe na sevo (kimota kidogo cha kuvuta waya) ileile ya usukani wa mkia. Bila huo, kwenye mwendo mdogo huna la kufanya ila kuomba upepo.

Joto nalo lina hesabu yake. Hewa ya nyuzi 32 ni nyepesi kwa takriban asilimia 5 hadi 6 kuliko hewa ya nyuzi 15, kwa hiyo bawa linabeba pungufu na pangaboi linasukuma pungufu. Wanaosoma maelekezo yaliyoandikwa kwa nchi za baridi wakumbuke hilo. Hata ndege kubwa zilipata taabu hiyo pwani yetu. Mwanzoni mwa 1915 Waingereza walileta ndege za maboya katika kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia, kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji, na joto likazifanya zishindwe kunyanyuka vizuri na mzigo. Ndege yako nayo ipunguzie uzito usio wa lazima.

Tuje kwenye upepo na maji, ambako mzaliwa wa pwani ana faida asiyoijua. Swali la kwanza kabla ya kuchagua pwani ni hili: mota ikizima, upepo utaipeleka wapi ndege yangu? Upande wa magharibi wa Unguja, Kusi linatoka nchi kavu kwenda baharini. Ndege iliyozima huko inachukuliwa nje, nawe unaitazama. Upande wa mashariki, Kusi na Kaskazi zote zinatoka baharini, kwa hiyo ndege inakurudia yenyewe. Tena kuna mwamba unaovunja mawimbi makubwa nje. Ghuba ya Chwaka ina kinga zaidi wakati wa Kusi, kwa sababu rasi ya Michamvi imeiziba upande huo. Ndugu zetu wa Pemba wamebarikiwa kwa ghuba za magharibi, kama za Wete na Chake Chake, zilizoingia ndani na kuzungukwa na mikoko. Humo maji hutulia hata nje bahari ikiwa imechafuka.

Saa nayo ichague kwa maji, siyo kwa nafasi yako tu. Siku za bamvua bahari yetu hupanda na kushuka karibu mita 4, na maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, yakawa yamekupwa saa nne asubuhi. Ukifika Chwaka saa nne siku ya bamvua utakuta mchanga na matope. Ukifika jioni utakuta maji tele, lakini upepo umeshapata nguvu na mkondo unakimbia. Mimi napenda maji mafu, baada ya mwezi kuwa nusu, yaani kama tarehe 8 au 9 na 22 au 23 za mwezi wa Kiislamu. Siku hizo maji hujaa karibu na saa nne au tano asubuhi, mkondo ni mdogo, na upepo wa mchana haujaamka sawasawa. Mwezi wa Novemba, upepo ukiwa wa tangambili, yaani Kusi limekwisha na Kaskazi haijashika, unaweza kupata asubuhi nzuri kabisa. Kwa maboya ya sentimita 80, viwimbi vinavyozidi sentimita 5 vinatosha kukurudisha nyumbani.

Paje, Bwejuu na Jambiani maji yanavutia, lakini kuna mashamba ya mwani ya akina mama. Maji yakiwa nusu, vigingi na kamba ziko chini kidogo tu ya uso wa bahari, na usukani wa maji unazinasa. Kuharibu mwani wa mtu ni kuharibu riziki yake. Kaa mbali, na uwe mbali pia na wanaoteleza kwa kaiti. Uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume uko Kisauni, basi upande wote huo wa kusini mwa mji usiufikirie. Kibweni pana kambi ya KMKM, kikosi cha kuzuia magendo baharini, usipafikirie vilevile. Anga yetu inasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania: ulizia kibali kwao kabla hujanunua hata betri. Kisha nenda kwa sheha, na kwa bwana diko, msimamizi wa diko la wavuvi, kama ni pwani yao. Wavuvi wakikujua, wao ndio watakaokuletea ndege ikikwama. Ukiwa na mwenzio mwenye mtumbwi tayari majini, bora zaidi. Usiogelee kuifuata, hasa maji yakiwa yanatoka.

Siku ya kwanza usiruke. Itembeze majini tu, mpaka uone umeizoea. Kwanza pima umbali wa mawasiliano ndege ikiwa imeelea, siyo ikiwa mchangani, kwa kuwa risiva (kipokezi cha rimoti kilicho ndani ya ndege) ikiwa karibu na maji hupokea vibaya zaidi. Panga risiva ili mawasiliano yakikatika mota izime. Halafu tembea polepole huku umevuta kijiti cha elevata (bapa la mkiani linaloinua na kushusha pua) mpaka mwisho, ili pua ibaki juu. Utaona ndege inajigeuza yenyewe kuutazama upepo. Kuigeuza iende upande wa demani, yaani unakoelekea upepo, upepo ukiwa na nguvu ni kazi, na anayelazimisha kwa mota nyingi huibinua. Afadhali uzime mota, uiache irudi kinyumenyume ikisukumwa na upepo, ukiiongoza kwa usukani. Ndivyo marubani wa ndege kubwa za maji wanavyofanya, na aliyekulia kwenye ngalawa atalielewa mara moja.

Kuruka: elekea joshi, yaani unakotoka upepo. Vuta elevata yote, ongeza mota taratibu. Pua itapanda, ndege italemewa kidogo, na hapo ndipo panapodai nguvu niliyoitaja. Kisha utaiona inapanda juu ya kidato na kuteleza. Papo hapo rudisha elevata katikati, uiache ipate mwendo, halafu vuta kidogo tu. Ikianza kudunda mbele na nyuma, usiifukuze kwa kijiti. Punguza mota, ishike pua juu, isimame, uanze upya. Maji yakiwa shwari kama kioo hung'ang'ania maboya, na wakati wa kutua huwezi kukisia urefu uliobaki. Subiri upepo mdogo ukwaruze uso wa bahari.

Kutua, njoo na mota kidogo, karibu sawa na maji, daima dhidi ya upepo. Acha kidato kiguse kwanza, na kadiri mwendo unavyopungua endelea kuvuta elevata.

Chumvi ni adui asiyelala. Chukua dumu la maji baridi, yasiyo na chumvi, uioshe ndege palepale pwani kabla chumvi haijakauka: mota, vishikio, waya za usukani, kila chuma. Mota zisizo na brashi zinavumilia maji, lakini bearing zake hula kutu, zitie mafuta mepesi. Risiva na kidhibiti cha mota vipake dawa ya kuzuia maji kabla ya siku ya kwanza, siyo baada. Toboa kitundu chenye kizibo nyuma ya kila boya, umwage maji yaliyopenya. Boya lenye maji ndani linahamisha mizani bila wewe kujua.

Na betri ya lipo (ya lithiamu, inayoendesha mota) ikizama, iondoe mara moja, iweke juu ya mchanga mbali na watu na gari, uiache saa kadhaa ukiichunga. Hata ikionekana nzima, usiichaji tena.