Pweza mwenye gamba jembamba kama karatasi

SWALI: Mambo vipi mhariri, mi niko Moshi, anko kaja toka Tanga na gamba jeupe jembamba balaa, ukilishika unaogopa litavunjika, anasema eti ni la pweza. Si pweza hana gamba jamani? – Msomaji, Majengo

JIBU: Anko wako hajakudanganya. Huyo anaitwa agonauta, ni pweza kabisa, mikono minane, ila haishi kwenye mapango ya miamba kama yule wa supu, yeye anaelea huko bahari kuu karibu na juu ya maji, kwenye bahari za joto duniani ikiwemo Bahari ya Hindi. Gamba anatengeneza jike tu, kwa mikono miwili iliyopanuka kama kitambaa, analea mayai humo na pia anakamatia hewa ya kumsaidia kuelea. Dume sasa, kituko! Hana gamba, ana kama sentimita 2 tu, na mkono wake wa kupandia, yaani wa kumpa jike mbegu, unakatika unabaki ndani ya jike, mpaka mwaka 1829 mtaalamu wa wanyama Mfaransa, Cuvier, akauona akadhani ni mnyoo, akaupa na jina kabisa. Hilo gamba msiliwekee kitu kizito juu.