Gari kumisi, koda P0302

Ndugu yangu uliyesema gari inamisi ukiwa umesimama, inatetemeka na mashine ya kupima imetoa P0302, usikubali kununuzwa koili zote nne (zile zinazopeleka umeme kwa plagi) saa hii. P0302 maana yake ni silinda ya 2 ndo haichomi vizuri. Zima injini, koili ya 2 iweke kwa 3 na ya 3 uilete 2, futa koda, endesha hivi mpaka Watamu urudi upime tena. Ikigeuka P0303, yaani shida imehamia silinda ya 3, koili ndo mbovu, ikibaki palepale hamisha plagi vilevile, bado? basi nenda injekta (inayonyunyiza petroli) na kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda).

Na ukishatoa koili chungulia lile shimo la plagi na tochi, mimi yangu nilikuta oili imejaa mle na mpira wa koili umelainika kama haluwa, kumbe gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) ishachoka, ningetia koili mpya ingekufa tena tu. Hapa kwetu Malindi chumvi ya bahari nayo inakula pini za soketi, ukiona ukijani safisha.

Tafadhali sana, taa ya injini ikianza kupepesa weka gari kando, petroli isiyochomeka inaunguza katalaiza (kisafisha moshi kwenye ekzosi).