Maswali ya Wasomaji: Ndoa, Kiapo, Shule na Mazishi kwa Asiye na Dini

SWALI: Mimi na mchumba wangu hatuna dini. Wazee wanasema bila padri au mchungaji hakuna ndoa, ni kukaa kinyumba tu. Tufanyeje? (Msomaji, Kasese)

JIBU: Wazee wamechanganya baraka na ndoa. Uganda ina ndoa ya serikali, inayofungwa mbele ya msajili. Kwenu Kasese ni ofisi ya Afisa Tawala Mkuu wa wilaya, yule watu wanayemwita CAO. Walioko Kampala huenda URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Mnapeleka notisi, nayo hubandikwa hadharani siku 21 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Nendeni na vitambulisho vya taifa, picha za pasipoti na barua ya LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, ya kila mmoja. Aliyewahi kuoa au kuolewa abebe hati ya talaka au ya kifo. Siku yenyewe wanatakiwa mashahidi wawili. Ada ulizeni pale pale na mlipe benki, si mkononi mwa mtu.

Mambo huharibika kwenye tarehe. Notisi ikipita miezi 3 bila ndoa kufungwa, imekufa. Wengi huipeleka mapema, kisha wakakaa kungoja mahari na michango ya kamati, mwishowe wakaanza upya. Pangeni sherehe kwanza. Jueni pia kwamba ndoa hii ni ya mume mmoja na mke mmoja: ikiwa mmoja wenu ana ndoa nyingine hai, hata ya kimila, mnaingia kwenye kosa la jinai.

Na msiwanyime wazee siku yao. Ndoa ya kimila ina sheria yake ya mwaka 1973, husajiliwa ndani ya miezi 6, wala haidai kitabu kitakatifu. Mahari ikishakabidhiwa mbele ya koo mbili, wazee wengi hutulia.

SWALI: Nimeitwa kutoa ushahidi mahakamani. Nikikataa Biblia nitaonekana mwongo? (Lira)

JIBU: Hapana. Kabla hujakabidhiwa, mwambie karani: "Sina dini, naomba kuthibitisha." Sheria ya viapo inaruhusu, na uthibitisho, yaani ahadi ya kusema kweli bila kumtaja Mungu, una uzito sawa na kiapo, pamoja na adhabu ile ile ukidanganya. Hata kiapo cha Rais kilivyoandikwa kwenye Katiba kina njia zote mbili. Usihutubie, sentensi moja yatosha.

SWALI: Kaulimbiu ya taifa ni "Kwa Mungu na Nchi Yangu", halafu mnatuambia serikali haina dini. Kipi ni kipi? (Mbale)

JIBU: Vyote vipo. Kaulimbiu haimlazimishi raia kuamini chochote. Ibara ya 7 ya Katiba ya 1995 ndiyo inayoifunga serikali isiwe na dini rasmi. Ibara hiyo si ujanja wa wasioamini. Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda, wakiitwa Wafransa na Wangereza, walipigana risasi pale Mengo, na bunduki ya Maxim ya Kapteni Lugard, ofisa Mwingereza, ikawa upande wa Waprotestanti. Mwaka 1977 Idi Amin akapiga marufuku madhehebu mengi ya Kikristo. Kwa hiyo anayenufaika zaidi na dola isiyo na dini ni muumini wa dhehebu dogo.

SWALI: Binti yangu amepata nafasi shule ya misheni. Je, wanaweza kumlazimisha kusali? (Mama wa watoto watatu, Arua)

JIBU: Mama, tenganisha somo na ibada. Elimu ya dini, ya Kikristo au ya Kiislamu, ni somo la lazima S1 na S2, miaka miwili ya kwanza ya sekondari. Mwache asome kama anavyosoma historia. Ibada ni jambo jingine, na Ibara ya 29 inalinda uhuru wa dhamiri. Lakini usitegemee mahakama ikuokoe haraka: wanafunzi Waadventista waliopinga mitihani ya Jumamosi pale Chuo Kikuu cha Makerere walishindwa hadi Mahakama ya Juu. Kosa la wazazi ni kungoja mtoto aadhibiwe ndipo waje juu. Kabla ya kulipa karo, muulize mkuu wa shule: ibada ni ya lazima? Asiyeingia hukaa wapi, na nani? Itamzuia kuwa kiranja? Omba jibu kwa maandishi. Zipo pia shule zilizoanzishwa kwa misingi ya utu bila dini, kama ile ya Kasese iliyofunguliwa 2011, na nyingine iitwayo Isaac Newton huko Masaka.

SWALI: Nimeacha kanisa baada ya miaka mingi. Mke wangu ananiuliza nini kitanizuia kuiba, na nani atanizika. Sina jibu. (Mstaafu, Jinja)

JIBU: Mzee wetu, la kuiba ni jepesi kuliko la kuzikwa. Kabla ya jambo zito jiulize nani ataumia, na kama ungeweza kumweleza uso kwa uso. Ila mawazo peke yake hayatoshi. Anayeacha dini huacha pia ratiba: sadaka, toba, kutembelea wagonjwa. Asipoziba pengo hilo huwa mchoyo bila kujua. Tenga kiasi maalumu kila mwezi kwa karo ya mtoto wa jirani au dawa za mgonjwa. Mwenye afya na umri unaoruhusiwa achangie damu, mwanamume kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Ukimkosea mtu, nenda kwake mwenyewe, rudisha ulichochukua, na kama huna, taja tarehe.

Kuzikwa kunahitaji watu. Ingia munno mukabi, yaani chama cha kuzikana, cha mtaani kwenu. Huko Kigezi wana vyama vya engozi, vya kazi hiyo hiyo. Hawa wanaangalia kama unatoa mchango na kama unafika misibani, basi. Nawe ukienda msiba wa Mkatoliki, simama wanaposimama; heshima si imani.

Wosia uandike, utie sahihi mbele ya mashahidi wawili wasiorithi chochote. Matakwa ya mazishi usiyaweke humo tu, kwa sababu mara nyingi wosia husomwa baada ya maziko, padri akiwa ameshaondoka. Yaandike kwenye barua ya pekee: nani aongoze, nani azungumze, kama kwaya inaruhusiwa. Nakala moja mpe mkeo, moja mkuu wa ukoo, moja mwenyekiti wa LC1. Na mkeo akitaka sala fupi kando ya kaburi, sisi tungekushauri umruhusu sasa, kwa maandishi.